Atapitia Makaburini

Waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike ni barua ya rambirambi. Tumeuzoea kama hazina ya mafundisho ya siku za mwisho, tumeukata vipande na kuvibandika kwenye chati za nyakati, hata tukasahau kwamba siku ulipofika ulisomwa mbele ya watu waliokuwa na msiba. Uliandikwa Korintho yapata mwaka 50 au 51, na wataalamu wengi huuhesabu kuwa miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Agano Jipya, pengine wa kale kuliko yote. Kabla Injili hazijaandikwa, kabla kanisa halijawa na jengo wala kalenda, tayari palikuwa na waliofiwa, na tayari walikuwa na swali.

Habari yenyewe iko katika Matendo ya Mitume. Paulo na Sila waliingia Thesalonike, mji wa bandari uliokuwa makao makuu ya jimbo la Kirumi la Makedonia, uliopitiwa na Barabara ya Egnatia, njia kuu ya kutoka pwani ya Adria kwenda mashariki. Paulo akahubiri katika sinagogi Sabato tatu. Haukupita muda mji ukachafuka. Kundi la watu likavamia nyumba ya Yasoni, likamkokota yeye na ndugu wengine hadi mbele ya wakuu wa mji kwa mashtaka kwamba wanamtangaza mfalme mwingine, aitwaye Yesu. Yasoni akatoa dhamana, na usiku huohuo wageni wakasafirishwa kwenda Beroya. Kanisa likabaki changa, mwalimu wake hayupo, majirani wakilitazama kwa jicho baya.

Kisha watu wakafa. Barua haisemi kama ni kwa ugonjwa, kwa uzee au kwa mikono ya watesi. Inaonyesha tu kwamba walikufa na kwamba waliobaki walitikisika. Walikuwa wamefundishwa kwamba Kristo atarudi, na walikuwa wanamngoja kwa dhati, kama watu wanaomtarajia mgeni jioni hiyohiyo. Sasa yule aliyebatizwa pamoja nao, aliyesimama nao siku ya ghasia, yuko kaburini, na Bwana hajaja. Je, amekosa? Timotheo, aliyetumwa kwenda kuwajulia hali, alirudi kwa Paulo na habari zao, na bila shaka swali hilo lilikuwamo.

Nimekaa misibani vya kutosha kulitambua. Ni swali la mama anayesema mwanawe hakumaliza chuo, hakuoa, hakuiona nyumba waliyokuwa wanaijenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali. Kila jambo jema linalotokea baada ya mazishi lina kivuli hicho: laiti angekuwepo. Mdogo wake anafunga ndoa, mjukuu anazaliwa, umeme unafika kijijini, na marehemu hakuwahi. Wathesalonike waliogopa kwamba kwenye orodha hiyo ya mambo yaliyowapita wafu wao, sasa litaongezwa jambo kubwa kuliko yote.

Jibu la Paulo ni fupi, na nguvu yake iko katika utaratibu wa mambo. Angeweza kusema kwamba wafu nao watakumbukwa, kwamba watapewa sehemu yao baadaye, na msomaji angeshukuru hata kwa hilo. Yeye aliwaweka mbele. Walio hai hawatawatangulia waliolala. Wafu katika Kristo watafufuka kwanza, ndipo walio hai watakapounganishwa nao, wote pamoja wamlaki Bwana. Aliyedhaniwa amechelewa amepewa nafasi ya kwanza. Nimeisoma sehemu hiyo makaburini mara nyingi, wakati mwingine mvua ikinyesha na watu wakibanana chini ya miavuli, na sijawahi kuizoea.

Nilipojifunza jinsi Warumi walivyozika, utaratibu huo ulinigusa upya. Sheria na desturi yao ilikuwa kutozika ndani ya mji. Makaburi yalikaa nje ya malango, kandokando ya barabara, moja baada ya jingine, na Thesalonike ilikuwa hivyo: makaburi yake ya kale yamechimbuliwa nje ya kuta, upande wa mashariki na upande wa magharibi. Mtu yeyote aliyeukaribia mji huo kwa barabara, awe mchuuzi, askari au liwali, aliwapita wafu kabla ya kuwafikia walio hai. Paulo hakuandika kwamba ndiyo picha iliyokuwa akilini mwake, nami simwekei maneno mdomoni. Lakini waliosikia barua ikisomwa walikuwa wamewazika ndugu zao kando ya barabara hiyo, na walijua kwamba anayetoka mbali huwaanza wao.

Kwetu Kilimanjaro hatuhitaji maelezo marefu juu ya hilo. Wafu wetu huzikwa kihambani, kati ya migomba na mibuni, hatua chache kutoka nyumbani. Desemba inapofika, na mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanapopanda mlima yakiwa yamejaa hadi mlangoni, anayeshuka njia panda na mabegi yake huingia kwa kinjia kilekile, na kabla hajafika uani anakutana nao. Msalaba wa zege uliopakwa chokaa. Jina lililochorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, herufi za mwisho zimebanwa kwa kukosa nafasi. Masale yaliyopandwa pembeni yamekua yakainama, na majani yameota tangu Krismasi iliyopita. Wengi hutua mzigo hapo, wakang'oa majani kwa mkono, wakasimama kidogo, ndipo waende kumwamkia mama jikoni. Na majira hayo ndiyo Majilio, majuma yanayotangulia Krismasi ambayo kanisa limeyatenga kwa kungoja mawili kwa pamoja: ukumbusho wa kuzaliwa kwa Kristo, na kurudi kwake. Kanisani tunaimba kwamba anakuja, na barabarani sisi wenyewe tunakuja, na njia ya kufika kwa walio hai inapita kwa wafu.

Kuna jambo jingine katika barua hiyo ambalo limepindishwa, na kupindishwa kwake kumetuibia faraja nyingi. Paulo anasema walio hai na waliofufuka watakwenda kumlaki Bwana mawinguni. Wengi husoma hapo habari ya kuhama: waliookoka wananyakuliwa, dunia inaachwa nyuma iungue. Fundisho hilo, kwa sura tunayoijua leo, lilienezwa katika karne ya 19 na John Nelson Darby, likapata nguvu kubwa kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyochapishwa mwaka 1909, kisha likatufikia kwa vijitabu, kwa mikutano ya injili, na kwa filamu zilizoonyeshwa usiku ukutani. Waliolelewa katika nyumba za walokole wanajua lilivyofanya kazi ndani ya mtoto. Unatoka shule, mlango uko wazi, sufuria inachemka jikoni, mama haonekani. Unaita, kimya. Unakimbia kwa mama jirani, yule mwombaji, naye hayupo. Moyo unaporomoka: wameshanyakuliwa, mimi nimeachwa. Kisha mama anatokea na ndoo ya maji kichwani, anakukuta unalia, na huwezi kumweleza unalilia nini.

Barua iliyoandikwa ili watu wasiogope kutengana na wapendwa wao imefanywa kuwa kitu cha kuwatia watoto hofu ya kutengana na mama zao. Jambo hilo linanihuzunisha, na sioni sababu ya kulisema kwa kunong'ona.

Watu wa zama za Paulo walijua kumlaki mtu ni nini. Cicero, katika barua zake za mwaka 49 kabla ya Kristo, anaeleza jinsi miji ya Italia ilivyokuwa ikitoka kumpokea Julius Caesar. Paulo mwenyewe alilakiwa: ndugu wa Rumi walipopata habari kwamba mfungwa huyo yuko njiani, walitoka wakaja hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu, naye alipowaona akapata moyo. Hawakutoka Rumi ili wahamie Mikahawa Mitatu. Walimpokea, wakaingia naye mjini. Hata wale wanawali katika mfano wa Yesu walitoka na taa kumlaki bwana arusi, na wenye mafuta wakaingia naye arusini.

Askofu akija usharikani kutoa kipaimara, nani humngojea kanisani? Watu huteremka hadi mpakani. Kina mama wana vitenge vya kutandika njiani, vijana wa tarumbeta wamejipanga kandokando, watoto wameshika matawi na wameshachoka kusimama. Mara gari linatokea kwenye kona, vigelegele vinapasuka, mzee wa kanisa anasahau hotuba aliyoiandika. Askofu anashuka, na kutoka hapo wote wanapanda pamoja kwa miguu, mgeni katikati. Hakuna anayekihama kijiji siku hiyo. Wamekwenda kumleta.

Nikiisoma barua kwa macho hayo, mawingu ni mahali pa kukutania njiani. Mwisho wa safari ni hapa, katika dunia hii iliyofanywa mpya. Kitabu cha Ufunuo kinamalizia hivyo pia: mji unashuka, Mungu anakuja kukaa na watu, naye anafuta machozi kwa mkono wake mwenyewe. Faraja ya namna hii haimtaki mtu aichukie ardhi aliyozikiwa baba yake.

Mwaka 1844 tumaini hilo lilipita katika moto mara mbili, katika mabara mawili. Marekani, William Miller, mkulima wa jimbo la New York aliyekuwa mhubiri wa Kibaptisti, alikuwa amepiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli, na hatimaye vuguvugu lake likafikia tarehe 22 Oktoba. Maelfu wakangoja. Wako walioacha mazao shambani bila kuyavuna. Usiku wa manane ukapita, kukapambazuka, na mmoja wao, Hiram Edson, alieleza baadaye jinsi walivyolia mpaka asubuhi. Majirani waliwacheka kwa miaka. Mimi siwezi kuwacheka. Hesabu yao ilikuwa na kosa, lakini waliyemlilia hakuwa kosa.

Miezi michache kabla ya usiku huo, Mombasa, Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika na mkewe Rosine kwa kazi ya umisionari. Mwezi Juni alianza kuutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Mwezi Julai Rosine alijifungua binti, akashikwa na homa, akafa, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Rosine alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande unaoitwa leo Nyali, na Krapf aliandika kwamba kaburi hilo liwe pale kuwakumbusha Waswahili na Wanyika wapitao lile lililowaleta katika nchi hii. Kaburi la njiani tena.

Krapf hakuwa na tarehe yoyote mkononi. Alikuwa na kaburi, na lugha aliyokuwa ndio kwanza anaianza. Akaendelea nayo, miaka miwili baadaye alikuwa Rabai pamoja na Johannes Rebmann, bado anakusanya maneno. Nikiwaza jinsi Kiswahili cha Biblia, hikihiki ninachosomewa misibani, kilivyoanza na mtu ambaye punde aliingia matangani, nahisi kwamba kina unyevu wa machozi yale.

Waliokatishwa tamaa kule Marekani nao hawakuishia kwenye kilio. Kundi mojawapo liliacha kutaja tarehe lakini halikuacha kungoja, na mwaka 1863 likawa Kanisa la Waadventista Wasabato. Mwaka 1903 wajumbe wake walifika milima ya Upare. Mwaka 1906 walikuwa Gendia, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, na huko ikaja hospitali ya Kendu. Hilo ndilo ninalolipenda katika habari yao. Watu ambao jina lao lenyewe linatangaza marejeo walijenga wodi za wazazi.

Lakini kupanga tarehe hakukukoma, na kwetu kumeua. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililohubiri mwisho wa dunia; wengi walikuwa wameuza mali zao. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa wapate kumwona Yesu. Watoto walikuwamo. Tulizitazama picha za wafanyakazi waliovaa nguo nyeupe wakipita na machela kati ya vichaka, na wengi wetu tulishindwa kwa muda kuutamka ujio wa Bwana bila kusikia majembe yakichimba.

Ninaamini kwamba dawa ya upotofu huo imo katika barua ileile. Paulo anawaambia Wathesalonike waishi kwa utulivu, wafanye kazi kwa mikono yao, wasimtegemee mtu. Kuhusu nyakati na majira anasema hakuna haja ya kuwaandikia, kwa kuwa siku hiyo itakuja kama mwizi, na hakuna mwizi atumaye barua. Katika waraka wa pili, ambako wengine walikuwa wameacha kazi wakizurura, anakuwa mkali kabisa: asiyetaka kufanya kazi na asile. Tumaini la kweli linamrudisha mtu shambani, sokoni, darasani, kwenye chakula cha watoto. Mhubiri anayemtoa mama kwenye kazi yake na mtoto kwenye sahani yake kwa jina la Yesu ajaye, hata akiwa ameshika Biblia, hajaisoma barua hii mpaka mwisho.

Miaka inakaribia 2000, na hajaja. Swali hilo ni la haki, na Agano Jipya lenyewe linalitaja. Waraka wa pili wa Petro unawajibu waliouliza kwa dhihaka ahadi yake iko wapi. Mimi hunisaidia zaidi jambo dogo katika maneno ya Paulo. Alipoandika juu ya watakaokuwa hai siku ile, alijihesabu humo: alisema sisi. Mapokeo ya kanisa yanasema aliuawa Rumi wakati wa Nero, na barabara ya Ostia inatajwa kuwa upande alikozikwa, nje ya mji, kandokando ya njia. Kwa hiyo yule sisi alihama kundi. Na barua yake ilikuwa imeshamwekea nafasi huko alikohamia, ile nafasi ya kwanza. Aliwafariji wengine kwa maneno ambayo baadaye yalimfaa mwenyewe. Ahadi yenye nafasi ya walio hai na waliokufa haichakazwi na miaka, maana kila mwaka unawahamisha watu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na pande zote mbili zimekwisha kutajwa.

Faraja hiyo haiwazuii watu kulia. Inabidi niliseme hili kwa sababu misibani nimesikia kinyume chake. Tulipomzika shangazi yangu, mhubiri aliwakemea watoto wake kwamba wanalia kama wasiomjua Mungu. Kitinda mimba, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alijifuta uso harakaharaka kwa kiganja akainamisha kichwa, kama mwanafunzi aliyekamatwa. Ibada ilipokwisha, bibi mmoja jirani, aliyelima na shangazi bega kwa bega toka ujana wao, alitoka chini ya turubai akiburuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Lia, baba," akamwambia. "Hata Yesu alimlilia Lazaro, naye alijua anakwenda kumfufua."

Paulo hakusema msihuzunike. Alisema msihuzunike kwa namna ya watu waliokata tamaa. Kuna huzuni inayolia huku imeshika kitu mkononi. Bibi yule hakusoma theolojia, lakini alipanga mambo mawili pahala pake: kilio kwanza, kisha ufufuo, na cha pili hakikukifuta cha kwanza.

Na wale wasio na kaburi la njiani? Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia wakafa. Wengine walizikwa pamoja Igoma. Wengine hawakupatikana kabisa, na jamaa zao hawana pa kung'oa majani Desemba ikifika. Nimekutana na watu wa Kagera ambao mpaka leo, wakivuka ziwa, hutupa ua majini bila kusema kitu. Kwa hao, maneno ya Ufunuo kwamba bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake yana uzito ambao sisi wa milimani tunaukisia tu. Anayekuja anajua njia ya huko pia.

Mwaka 1977, Kanisa la Uganda likiwa linatimiza miaka 100, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Serikali ilidai ni ajali ya gari. Pale Namirembe, Kampala, kaburi lilikuwa limeandaliwa karibu na la Askofu James Hannington, lakini mwili haukutolewa; ulipelekwa kaskazini, ukazikwa kijijini kwake Mucwini. Maelfu wakaja Namirembe hata hivyo. Walikuta shimo lililochimbwa, udongo pembeni, na hakuna wa kuzikwa. Erica Sabiti, askofu mkuu mstaafu, aliwakumbusha maneno ya malaika kwa wanawake waliofika kaburini kwa Yesu asubuhi ya Pasaka. Watu walioletwa pale na hofu walishuka mlimani wakiimba. Dola ilikuwa imekusudia kuwanyima hata mahali pa kulilia, na kumbe shimo tupu lilisema zaidi ya jeneza.

Katika kufunga maneno yake juu ya waliolala, Paulo anawaagiza Wathesalonike wafarijiane kwa maneno hayo. Agizo hilo halikuwekwa mikononi mwa askofu. Kanisa lile halikuwa naye. Paulo mwenyewe alikuwa amefukuzwa mjini, na Timotheo alikuwa amekuja mara moja tu akaondoka. Kazi ya kufariji iliachwa kwa Yasoni na jirani zake, watu wa karakana na soko, walioisikia barua ikisomwa pengine mara moja au mbili, kisha wakawa wanaambiana walichokishika.

Sisi tunafarijiana vizuri sana kwa siku tatu. Turubai linafungwa, viti vinakodiwa, kamati inachanga, kwaya inakesha, chai haikauki. Kisha turubai linakunjwa, masufuria yanarudishwa, na waliotoka mbali wanawahi basi la alfajiri. Miezi mitatu baadaye mjane yuko kwenye benchi la ofisi fulani, ana bahasha ya kaki yenye cheti cha ndoa, cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, anaambiwa karatasi moja haina mhuri, arudi wiki ijayo. Hapo hakuna kwaya. Kama maneno ya barua ile yana mahali pake, basi ni kwenye benchi hilo, na mtu wa kuyasema ni yule aliyeamka mapema akaenda naye. Kazi hiyo haihitaji kuwekewa mikono wala kujua Kiyunani. Inahitaji asubuhi moja, nauli ya kwenda na kurudi, na kuamini kweli kwamba marehemu aliyeandikwa kwenye zile karatasi ataitwa tena kwa jina lake, na ataitwa kabla yetu.